Maalim, nimtajeje umri wa bibi kwa Kiarabu?

*Swali: Assalaam alaykum Maalim, na shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, nipo Muscat mwaka wa pili sasa, namhudumia bibi mmoja mtu mzima sana. Kiarabu changu ni cha chuoni: msahafu nimehitimu, nahau niliionja tu. Juzi nilimpeleka bibi hospitali. Daktari, Mmisri, akaniuliza "'andaha kaam sana?" Nikadhani anauliza bibi ana nini, nikaanza kumweleza presha na magoti. Aliponifafanulia nikamjibu "thamaaniin sanawaat", akacheka, na muuguzi naye akacheka. Nyumbani nikamsimulia binti wa bibi kwa Kiarabu, nikamwita mamake "'ajuuz". Akakunja uso, wala hakusema kitu. Nimekosea wapi? Na kuna hili pia: kitambulisho kinasema bibi ana miaka 79, mwenyewe anashikilia kuwa amekwishavuka 80. Nikiulizwa tena nitaje upi?*

Wa alaykum salaam, na marahaba mwanangu.

Kicheko cha daktari kisikuumize. Kwa sikio la Mwarabu, "thamaaniin sanawaat" ni kama mgeni atuambie sisi "bibi ana mwaka themanini". Maana imefika, ila sentensi imekwenda upande. Ungesema "thamaaniin sana" (sana kwao ni mwaka, sanawaat ni wingi wake) pasingekuwa na wa kucheka. Hiyo "sanawaat" ndiyo iliyoharibu, na sababu yake nitakueleza kwa aya ulizokwishahifadhi, maana mtu aliyehitimu msahafu hana haja ya kuanza na kitabu cha nahau. (Kiarabu nitakiandika kwa herufi zetu. Irabu mbili ni kuvuta, na alama ' ni 'ayn.)

Lakini kwanza swali lenyewe la daktari, kwa sababu hapo kosa halikuwa lako. Chuoni ulifundishwa kwamba umri huulizwa kwa "'umr": kam 'umruka kwa mwanamume, kam 'umruki kwa mwanamke, kam 'umruhaa ukimuulizia mwanamke asiyesema mwenyewe. Mmisri hasemi hivyo. Mmisri anasema "'andak kaam sana?", yaani una miaka mingapi, neno kwa neno kama tusemavyo sisi: una, ana, nina. Kwa hiyo akili yako ilipodaka "'andaha" ikaona "ana…", na kwa daktari mtu huulizwa ana nini, ndiyo ukaingia kwenye magoti. Laiti ungesubiri neno "sana" limalizike. Wamisri wana na njia nyingine, "sinnaha kaam?", na hiyo utaikuta pia kwenye fomu: palipoandikwa "as-sinn" au "al-'umr" panatakiwa umri. Usije tu ukaona kibao cha "tibb al-asnaan" ukadhani ni kliniki ya wazee. Pale wanang'oa meno, maana sinn ni jino pia.

Kwa kuwa hospitali za Ghuba zina madaktari na wauguzi kutoka kila pembe ya nchi za Kiarabu, zizoeze masikio yako sura kadhaa za swali hilohilo. Mwomani atamwambia mwanamke "kam 'umrish?", na hiyo "sh" ya mwisho ndiyo "wewe" ya kike kwao. Mkuwaiti atasema "cham 'umrich?". Mtu wa Sham, yaani Syria, Lebanon, Palestina au Jordan, ni "addeesh 'umrik?". Mwiraki "shgad 'umrich?". Msudani hugeuza, hulitanguliza neno: "'umrik kam?". Mmoroko ndiye atakayekupoteza kabisa kwa "shhaal f 'amrek?", lakini Wamoroko huko uliko si wengi. Wewe usihangaike kuwaiga wote. Jibu lako liwe moja popote pale, 'umrha kisha namba kisha sana, na litaeleweka kuanzia Muscat hadi Casablanca.

Sasa namba, na hapa ndipo penye kazi.

Kiarabu hakihesabu miaka kama sisi tunavyohesabu. Kwetu mwaka ni mmoja, na kuanzia miwili kwenda mbele ni miaka tu hata ifike elfu. Kwao neno la mwaka hubadilika kadiri namba inavyopanda. Mwaka mmoja ni sana, na ukitaka kusisitiza ni sana waahida. Miaka miwili ni sanatain, neno moja, namba imo ndani yake. Usiseme "ithnain sana", hilo ndilo kosa la kwanza la Mswahili. Kuanzia mitatu hadi kumi ndipo wingi unapoingia: thalaath sanawaat, khams sanawaat, 'ashr sanawaat. Mitaani husema zaidi "siniin", khams siniin, na yote ni sawa. Ukifika kumi na moja, wingi unaondoka. Kuanzia hapo hadi tisini na tisa neno linarudi kuwa la umoja: khamsata'shar sana, 'ishriin sana, thamaaniin sana. Mia nayo ni umoja: miyat sana.

Najua utaniuliza mantiki iko wapi, miaka themanini iwe na umbo la mwaka mmoja. Usiitafute, isome. Suratul Ahqaf aya ya 15 inamtaja mtu akifikia utu uzima, "wa balagha arba'iina sanatan". Arubaini, na sana ni moja. Suratu Yusuf aya ya 47 inataja miaka saba ya kilimo: "sab'a siniina da'aban". Saba, na miaka ni wingi. Suratu Saad aya ya 23, yule mwenye kondoo wengi anayegombana na nduguye mwenye mmoja, "tis'un wa tis'uuna na'jatan": tisini na tisa, na kondoo ni umoja. Hizi umezisoma mara ngapi? Kila utakapotia shaka, jiulize namba yako iko upande wa saba za Yusuf au upande wa arubaini za Ahqaf. Bibi wako yuko upande wa arubaini.

Kuna kifundo kimoja ambacho hata Waarabu wenyewe hukipata makosa wakiandika Kiarabu fasaha. Kati ya tatu na kumi, namba huenda kinyume na jinsia ya kitu kinachohesabiwa. Kitu kikiwa cha kike namba huvuliwa ile taa marbuta yake, yaani herufi ya mwisho iliyo alama ya kike, na kikiwa cha kiume namba huvishwa. Aya inayolionyesha hili wazi kuliko darasa lolote nililowahi kulisikia ni ya saba ya Suratul Haaqqa, ule upepo uliowashukia watu wa 'Aad: "sab'a layaalin wa thamaaniyata ayyaamin". Usiku ni wa kike, kwa hiyo sab'a bila taa. Mchana ni wa kiume, kwa hiyo thamaaniyata. Zimekaa ubavu kwa ubavu kama zimewekwa hapo makusudi kwa ajili ya wanafunzi. Basi kwa kuwa "sana" ni ya kike, mtoto wa miaka mitano ni khams sanawaat, si khamsa. Mtoto wa miezi sita ni sittat ashhur, kwa sababu mwezi, shahr, ni wa kiume. Mitaani watu hawalijali sana hili na wewe ukikosea hakuna atakayegutuka. Ila ukiandika barua, liangalie.

Hapohapo ndipo ulipo ugumu wa kutumia "'aam" badala ya "sana". 'Aam ni mwaka vilevile, lakini ni neno la kiume, kwa hiyo ukilichagua unazigeuza namba zote za chini: khams sanawaat inakuwa khamsat a'waam. Wapo wafasiri waliosema kuwa sana huelekea kwenye mwaka wa dhiki na 'aam kwenye mwaka wa neema, wakashika ushahidi wa aya ya 14 ya Suratul Ankabut inayosema Nabii Nuh alikaa na watu wake "alfa sanatin illaa khamsiina 'aaman", miaka elfu kasoro hamsini, maneno mawili tofauti ndani ya sentensi moja. Ni maelezo mazuri na yana utamu wake. Kwenye umri wa mgonjwa hayana kazi. Msahafu wenyewe una maneno zaidi ya hayo mawili: mama hunyonyesha "hawlain", miaka miwili, na Musa aliambiwa atumikie "thamaaniya hijaj", miaka minane. Wewe shika sana, maisha yawe mepesi.

Ukitaja umri wenye makumi na mamoja, moja hutangulia. Sisi ni sabini na tisa, wao ni tis'a wa sab'iin, tisa na sabini. Makumi yenyewe unayo yote tangu utotoni, maana ishirini, thelathini, arubaini, hamsini, sitini, sabini, themanini na tisini tuliyachukua kwao, na tuliyachukua katika umbo lile ambalo hata leo ndilo linalosemwa mitaani. Kitabuni utakuta "thamaanuun", na chuoni labda ulifundishwa hivyo. Mdomoni kila mtu ni thamaaniin. Hata kumi na mbili unaijua, muulize yeyote Unguja au Dar es Salaam jina la Mashia Ithnaashari limetoka wapi, na wazee wetu waliosema thenashara walikuwa wakisema hiyohiyo. Chunga tu thamaaniya, ambayo ni nane, na thamaaniin, ambayo ni themanini. Kwenye simu yenye kelele zinasikika karibu sana, na mgonjwa wa miaka minane hupelekwa kwa daktari wa watoto. Vuta hiyo "iin" ya mwisho.

Na 'ayn yako usiiache nyumbani. Sisi tunasema umri, laini, na Mwarabu akisikia hivyo anaelewa kwa huruma. Wewe unaposoma Qurani 'ayn unaitoa barabara, kisha ukizungumza na watu unaona haya, unarudi kwenye Kiswahili. Nimewaona wengi hivyo, hasa mabinti. Itoe.

Kwa mtu anayejibu mbele ya dirisha la mapokezi, yote haya yana njia ya mkato ambayo Waarabu wenyewe huitumia kila siku: taja mwaka wa kuzaliwa. "Hiya min mawaaliid sanat…", yeye ni wa waliozaliwa mwaka fulani, na watu hukata hata karne, wakasema "mawaaliid khamsa wa tis'iin" kumaanisha 1995. Hapo hakuna wingi wala umoja wa kukuangusha, na mwenye kompyuta ndicho anachokitaka, kwani mashine yake inauliza taariikh al-miilaad, tarehe ya kuzaliwa. Njia hii pia ina stara. Mtu asiyependa kuitangaza hesabu ya miaka yake husema mawaaliid, akamwachia msikilizaji afanye hesabu mwenyewe kama anayo nguvu.

Ukisoma magazeti utakuta na mitindo mingine ya kukadiria. "Fil-khamsiinaat min 'umrih" ni mtu aliye kwenye hamsini na kitu. "Khamsiini" au "sab'iiniyya" ni mtu wa miaka hamsini na kitu, au mwanamke wa sabini na kitu. "Naahaza as-sittiin" anakaribia sitini. Mwenye kunasa watu ni "al-'aqd", muongo: fil-'aqd ath-thaamin ni muongo wa nane, na muongo wa nane wa maisha ya mtu ni ile miaka ya sabini na kitu, kwa sababu muongo wa kwanza ulianza alipozaliwa. Hata waandishi wa habari hulikosea hilo.

Nije kwenye uso wa binti wa bibi, ambao kwangu mimi ni jambo zito kuliko nahau yote niliyoitaja.

Neno 'ajuuz umelitoa mahali pasafi. Bi Sara, mke wa Nabii Ibrahim, alipobashiriwa mtoto alisema katika Suratu Hud, aya ya 72, "a-alidu wa ana 'ajuuzun wa haadhaa ba'lii shaykhan", nizae nami ni kizee na huyu mume wangu ni mzee? Hakuna ubaya hapo, lakini tazama nani anasema na anamsema nani. Anajisema mwenyewe. Mtu ana haki ya kujiita kizee. Wewe mwajiriwa, kumwita hivyo mama wa mwenye nyumba mbele ya bintiye, ni jambo jingine. Na hili hukuhitaji Mwarabu akufundishe, kwani neno hilohilo tunalo: ajuza. Unaweza kumwambia mtu wa Wete "mamako ajuza hajambo?" Humalizi sentensi. Shaibu nalo ni vivyo hivyo. Kwetu limekuwa la kejeli, na kwa watu wa Ghuba "shaayib" wenyewe kwa wenyewe ni la kawaida, mtu husema "ash-shaayib" akimtaja baba yake kwa mapenzi. Usilichukue kwa sababu umewasikia wao. La nyumbani kwao ni lao.

Wewe mwite al-waalida, mzazi. Ndilo neno la heshima la Ghuba nzima, "keef al-waalida?", mama hajambo, hata kama mwulizaji hana nasaba naye. Mbele ya daktari, kama inalazimu kueleza kuwa ni mtu mzima, sema "kabiira fis-sinn" au "kbiira" tu. Wamisri na watu wa Sham watamwita al-hajja, awe amehiji au hajahiji. Kwenye mbao za ofisi utakutana na "kibaar as-sinn", watu wazima. Falme za Kiarabu mwaka 2018 waliliona hata hilo halitoshi, wakaliweka rasmi "kibaar al-muwaatiniin" kwa wazee wenyeji wa nchi, na neno "sinn" likaondoka kabisa. Ukisikia wajukuu wanamwita "ummii l-'ooda", mama mkubwa, ambalo limeenea kwenye pwani ya Ghuba, jua ni jina la nyumbani, na ukipewa ruhusa ya kulitumia utakuwa umekwishakuwa mtu wa ndani.

Tena umri wa mtu mzima hautajwi mkavu. Unaposema "'umrha thamaaniin", litangulie au lifuate "maa shaa' Allah", kisha "Allah ytawwil 'umrha", Mungu aurefushe umri wake. Kwa Waomani, kutaja miaka mingi bila dua kunasikika kama mtu anayehesabu iliyobaki. Ukimuuliza mwenyewe, usimwambie "kam 'umrish?" kama askari wa uwanja wa ndege. "Kam 'umrish yaa waalida, Allah ytawwil 'umrish?" Sentensi ndefu kidogo, ila utajibiwa kwa tabasamu. Na usishangae akikujibu kwa Kiswahili. Muscat ina familia nyingi zilizotoka Unguja na Pemba, na wengine katika wazee hao Kiswahili chao ni safi kuliko cha vijana wetu wa leo.

Adabu ya umri katika Kiarabu ina mizizi ya kale. Inasimuliwa kuwa al-'Abbas, ami yake Mtume Muhammad (s.a.w.), aliyezaliwa miaka michache kabla yake, aliulizwa nani "akbar" kati yao wawili. Akbar ni aliyekutangulia kuzaliwa, na ni aliyekuzidi ukubwa pia. Akajibu: yeye ni akbar kuliko mimi, ila mimi nilizaliwa kabla yake. Swali lilikuwa la umri, naye akalijibu kwa daraja, kisha akaongeza umri pembeni ili ukweli nao usipotee. Kwa mazungumzo ya kawaida wewe sema "akbar minnii bi sanatain", mkubwa kwangu kwa miaka miwili, au "asghar minnii", mdogo kwangu. Wa hirimu yako ni "fii sinnii". Kitindamimba, kwa Wamisri na watu wa Sham, ni "aakhir al-'anquud", zabibu ya mwisho ya kishada. Jina zuri, nalipenda.

Kabla sijasahau, si kila "'umr" utakayoisikia nyumbani humo ni ya miaka. "'Umrii maa ruht" maana yake sijawahi kwenda kamwe, tangu nizaliwe. "Yaa 'umrii" ni mpenzi, uhai wangu, na bibi akikuita hivyo hakuulizi umri. Ghuba tena wana la kwao, 'umr kwa maana ya nafsi: "'awwar 'umrah", amejiumiza. Bibi akianguka na mtu akakwambia "'awwarat 'umrha", usianze kuhesabu miaka, mkimbilie.

Sasa miaka 79 na 80 na zaidi. Unaweza kukuta wote wawili, bibi na kitambulisho, wana haki.

Mwaka wa Hijria una siku 354, mara nyingine 355. Mwaka wa Miladi una 365 au 366. Kila mwaka unapopita, mwenye kuhesabu kwa mwezi mwandamo anamtangulia mwenye kuhesabu kwa jua kwa siku kama 11, na kila miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya Miladi. Piga hesabu: mtu mwenye miaka 79 ya Miladi ana 81 na miezi kadhaa ya Hijria. Bibi aliyekulia kwenye Ramadhani, mfungo mosi na mfungo tatu, hakuhesabu Januari. Amevuka themanini kweli, kwa kalenda yake. Wafasiri wengi wameieleza hivyohivyo ile aya ya 25 ya Suratul Kahf kuhusu vijana wa pangoni, miaka mia tatu "wazdaaduu tis'aa", wakaongeza tisa: mia tatu za jua ndizo mia tatu na tisa za mwezi. Ukienda Saudi Arabia utaulizwa wazi, "hijri walla miilaadi?", kwani huko hata mishahara ya watumishi wa serikali ilikuwa ikilipwa kwa Hijria hadi ilipohamishiwa kwenye Miladi mwaka 2016.

Uwezekano wa pili ni kwamba tarehe ya kitambulisho ni ya kukisia. Kabla ya 1970, Sultan Qaboos alipoanza kutawala, uandikishaji wa vizazi Oman ulikuwa haba, na vyeti vya wengi vilikuja wakiwa tayari watu wazima. Saudi Arabia wazee wasiokuwa na tarehe waliandikiwa tarehe 1 Rajabu, mwezi wa saba wa Hijria, na ndiyo maana huko ukikuta ukoo mzima umezaliwa siku moja usishangae. Wazee wa Bara Arabu waliishika miaka kwa majina, kama Waarabu wa kale walivyomhesabia Mtume kuanzia Mwaka wa Tembo. Kuna sanat ar-rahma, mwaka wa rehema, wakati homa kuu ya 1918 ilipoua watu wengi mno, wakauita rehema kwa kuwaombea waliokufa. Kuna sanat at-tab'a, 1925, tufani ilipozamisha majahazi ya wapiga mbizi wa lulu upande wa Bahrain na Kuwait. Kwa hiyo mkiwa mmetulia muulize bibi alikuwa na ukubwa gani lilipotokea jambo fulani analolikumbuka, alikuwa ameolewa au la, amezaa wangapi. Andika pembeni. Madaktari wa wazee hupenda kujua.

Kwenye dirisha la hospitali, hata hivyo, taja cha kitambulisho, kwa sababu faili, bima na vipimo vyote vinafuata namba hiyo, na umri wa aina mbili kwenye faili moja utamletea bibi usumbufu. Sema "'umrha tis'a wa sab'iin sana, hasab al-bitaaqa", kwa mujibu wa kitambulisho. Hiyo hasab al-bitaaqa inamwambia daktari kuwa huenda kuna hesabu nyingine, bila wewe kumkanusha bibi aliyekaa hapo kwenye kiti anasikiliza. Yeye akidakia "thamaaniin!", mwachie, kisha mwambie daktari "bil-hijri", kwa Hijria. Kwa binti yake, usianzishe tena habari ya lile neno. Kesho asubuhi ukiulizwa bibi ameamkaje, jibu tu "al-waalida bi kheer, al-hamdu lillaah".